Ninavyowafundisha Kidato cha Pili kuhusu kokeni

Mwaka wangu wa kwanza kama mwalimu wa malezi, hapa Tanga, niliingia darasani na picha za mateja waliolala mtaroni. Wavulana wa nyuma wakacheka. Msichana mmoja akaomba ruhusa ya kwenda chooni, hakurudi. Baadaye nikajua kaka yake anabwia. Picha sijazibeba tena, na kwenye kipindi changu hakuna anayemwita mwenzake teja kwa utani.

Anza kwa kuwasikiliza. Watakwambia “unga” kwa kila kitu, basi watenganishie: heroini hulegeza na kusinzisha, kokeni hukimbiza. Krak ni kokeni hiyo hiyo iliyogeuzwa vijiwe, huvutwa moshi. Hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde, raha yake dakika tano hadi kumi, kisha mtu anaporomoka chini ya pale alipoanzia. Ndiyo maana anataka tena usiku uleule.

Sasa mrija. Hapa usiwe na haraka. Mpe kila mmoja glasi ya maji na mrija wa soda, anywe. Wasimame, wakimbie palepale dakika moja, wahesabu mapigo shingoni. Wakiwa bado wanahema, wanyonye tena huku wameubana mrija kwa vidole. Waambie kokeni hufanya yote mawili kwa mpigo: inaukimbiza moyo, na inabana mishipa inayoulisha damu moyo huohuo. Kuna kijana wa timu ya shule alibaki ameushika mrija wake mpaka kengele ikalia.

Lazima atatokea mmoja: “Madam, mbona mastaa wanatumia na wanadunda?” Mimi humsimulia Len Bias, mcheza kikapu wa Marekani. Juni 1986 alichaguliwa na Boston Celtics. Siku mbili baadaye kokeni ikausimamisha moyo wake. Alikuwa na miaka 22, mtu wa mazoezi kila siku.

Wakitaja methadoni, dawa ya kutibu uraibu, sema wazi: ile inayotolewa Muhimbili tangu 2011 ni ya waathirika wa heroini. Kokeni haina dawa ya namna hiyo; tiba yake ni ushauri nasaha, tena wa muda mrefu.

Bakiza dakika kumi za vikaratasi visivyo na majina. Kimoja kiliuliza: “Mtu akizidisha, kifua kikambana, nimpe maziwa?” Hapana. Usimpe kitu mdomoni. Mkimbize hospitali, umwambie daktari alichotumia, hata kama mwenyewe anakukonyeza unyamaze.