SOMO: Barua ya kuomba fildi ofisi ya serikali, tangu kuandika hadi kujibiwa

Wanajamvi, salaam aleikum na habari zenu. Kila ukiingia mwezi wa tano napigiwa simu na watoto wa ndugu, wa majirani na wa watu nisiowajua kabisa: "Dada, barua ya fildi, yaani ya kuomba mafunzo kwa vitendo, inaandikwaje?" Nafanya kazi masjala hapa Tanga mjini. Barua zinazoingia ofisini kwetu zinapita mikononi mwangu kabla bosi hajaziona, kwa hiyo nayaandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia uzi huu.

1. Chukua barua ya utambulisho chuoni. Bila hiyo usianze safari.

2. Anwani yako juu kulia, tarehe chini yake. Anwani ya unayemwandikia kushoto.

3. Andikia cheo, usiandikie jina. Halmashauri ya Jiji ni Mkurugenzi wa Jiji. Hospitali ya Bombo ni Mganga Mfawidhi. Ofisi ya Mkoa ni Katibu Tawala wa Mkoa. Ukitaka kukaa Idara ya Maendeleo ya Jamii, hilo utalisema ndani ya barua. Juu anaandikiwa mkuu wa taasisi. Barua yenye jina la mtu ofisini kwetu tunaihesabu kuwa ni yake binafsi, hatuifungui. Akiwa safarini Dodoma, inamsubiri. Akiwa amehamishwa, ndiyo basi tena.

4. YAH, yaani "yahusu", mstari wa kichwa cha barua. Hapa naomba mtulie, maana ndipo barua nyingi zinapofia.

Mstari wa YAH ndio ninaousoma mimi kuamua barua iingie jalada gani. Mafunzo kwa vitendo yana jalada lake, utafiti una lake, ajira zina lake. Mwaka jana kijana mmoja aliandika "YAH: MAOMBI YA FILDI NA TAKWIMU ZA UTAFITI WANGU". Barua ikaingia jalada la mafunzo, ikaenda kwa afisa wa mafunzo, naye akajibu linalomhusu: nafasi umepata, njoo tarehe fulani. Kule kwenye takwimu haikufika, kwa sababu hakuna karatasi iliyokwenda huko. Kijana alikaa kwetu fildi yote akiamini ombi la pili linashughulikiwa. Alipokuja kuuliza, alikuwa amebakiza siku chache kurudi chuo, na mwenye takwimu ndiyo kwanza anasikia habari zake. Iliniuma, maana ni kijana mchapakazi.

Kwa hiyo: barua moja, jambo moja. Una maombi mawili, andika barua mbili, kila moja na YAH yake, hata kama unazipeleka siku moja kwa mkono mmoja. Na YAH iseme jambo lenyewe. "YAH: MAOMBI" peke yake haisemi kitu. "YAH: HUSIKA NA KICHWA CHA HABARI HAPO JUU" ndiyo kabisa, na tunazipokea za namna hiyo. Andika: YAH: MAOMBI YA NAFASI YA MAFUNZO KWA VITENDO. Imetosha.

5. Aya ya kwanza iseme wewe nani, unataka nini, wapi, lini hadi lini. Mfano:

*"Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, Stashahada ya Maendeleo ya Jamii, katika chuo kilichotajwa hapo juu. Naomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika Idara ya Maendeleo ya Jamii kwa wiki nane, kuanzia tarehe 20 Julai hadi tarehe 11 Septemba, 2026."*

Kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa uzima, kumuombea mkurugenzi afya na familia yake, hayo yote ni mema na ndivyo tulivyolelewa. Lakini yakijaza nusu ukurasa, ombi linasukumwa chini ambako jicho linafika limechoka. Salamu zako utazitoa ukija kaunta, na zitapokelewa. Aya ya pili: umesoma nini kinachohusiana na idara hiyo. Ya tatu: umeambatisha nini. Basi.

6. Saini kwa kalamu, jina kamili, namba ya simu inayopatikana. Yako, siyo ya mjomba.

7. Chapa nakala mbili. Moja inabaki, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe uondoke nayo. Baada ya siku saba za kazi rudi nayo useme: "Shikamoo mama. Nafuatilia barua yangu ya kuomba mafunzo kwa vitendo, mliipokea tarehe 4 Mei, mhuri huu hapa." Kwa maneno hayo nafungua rejista na kukujibu papo hapo. Anayekuja na "vipi, ile barua yangu?" sina pa kumwanzia.

Maswali karibuni.

---

Kijana_wa_Makorora: Dada naomba sampuli ya Word nibadilishe jina tu, nina haraka.

BintiMasjala: Mfano uko namba 5. Soma.

Kijana_wa_Makorora: Nimesoma, ila nataka yote nzima.

BintiMasjala: Juzi ilikuja barua ya waliobadilisha jina tu. Inaomba nafasi Halmashauri ya Mji Korogwe, imeletwa Tanga. Andika yako, mdogo wangu. Haizidi nusu saa.

Mzigua Halisi: Mbona mimi niliandika jina la bosi na nikapata? Msiwatishe watoto.

BintiMasjala: Ulipata kwa sababu siku hiyo alikuwepo. Sitishi mtu, nimeeleza kinachotokea akiwa hayupo.

Ashura wa Pangani: Shukrani dada. Mimi nina swali la kutaka kujua tu. Ukishagonga mhuri, barua inakwenda wapi? Tunaona inaingia dirishani halafu kimya.

BintiMasjala: Swali zuri mno, Ashura. Naiandika kwenye rejista ya barua zinazoingia: tarehe, inatoka kwa nani, inahusu nini. Halafu naifunga ndani ya jalada na kuipa namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya jalada. Jalada linakwenda kwa bosi. Bosi haandiki juu ya barua yako, anaandika dokezo kwenye karatasi ya mbele ya jalada, kwa mfano: "Afisa Utumishi, folio 37, tafadhali shauri." Afisa Utumishi anauliza idara kama wana nafasi, anarudisha dokezo lake, bosi anaridhia, ndipo jibu linachapwa. Kila linapohama jalada naandika limekwenda kwa nani. Kwa hiyo ile kimya ni jalada linatembea meza kwa meza. Ukiniletea tarehe ya mhuri naweza kukwambia liko meza gani, na mara nyingine nikalikumbushia.

Ashura wa Pangani: Sasa nimeelewa kwa nini YAH umeipigia kelele.

Mwl. Muheza: Mimi ni mtumishi tayari, naomba ruhusa ya kwenda masomoni. Nimwandikie Mkurugenzi moja kwa moja?

BintiMasjala: Hapana, mwalimu wangu. Andika kwa Mkurugenzi, chini ya anwani yake weka "U.F.S. Mkuu wa Shule", maana yake barua inapitia kwake. Anza kwa mkuu wako, aandike maoni yake na kusaini, ndipo ije huku. Ikija bila maoni yake tunairudisha shuleni, unapoteza wiki.

Kaka Raskazone: Na ya kuomba kazi kwenye Ajira Portal, ule mtandao wa Sekretarieti ya Ajira? Lazima Kiingereza?

BintiMasjala: Soma tangazo lenyewe, kaka. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwa yanasema Kiswahili au Kiingereza, ila iwe na saini. Andika lugha unayoimudu. Watu wanapakia barua isiyo na saini. Wengine wanapakia karatasi ya matokeo badala ya cheti, na tangazo limekataza.

Kijana_wa_Makorora: Naweza kumtumia bosi WhatsApp?

BintiMasjala: Hapana.

Mwanahamisi_Tz: Mimi nakwenda vijijini Pangani kukusanya data za wavuvi. Barua ya chuo inatosha?

BintiMasjala: Haitoshi, mama. Ya chuo unaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, atakuandikia kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, Mkurugenzi kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kata kwa wa kijiji. Toa nakala kila kituo. Na usiichanganye na barua ya fildi.

Ashura wa Pangani: Niongeze hapo, huku ni kwetu. Ukifika kijijini barua mpe mtendaji, lakini ukienda pwani kwa wavuvi usianze kuchomoa karatasi. Watakudhani mtu wa leseni za nyavu. Salimia wazee kwanza, ukae, uulizwe wewe mtoto wa nani na unatokea wapi. Ukishajibu hayo ndipo useme umekuja kusoma. Na usiende wakati ngalawa zinaingia, hakuna atakayekusikiliza, wote wako kwenye samaki.

Mwanahamisi_Tz: Niende saa ngapi basi?

Ashura wa Pangani: Baada ya alasiri, wakiwa wanashona nyavu. Mikono ina kazi, mdomo hauna. Njoo inbox nikuunganishe na baba mdogo.