Kupima mvua na darasa la tano kwa chupa na rula

Muhula uliopita mwalimu mwenzangu wa shule jirani, hapa Kasese, magharibi mwa Uganda, aliniomba nimsaidie somo la mabadiliko ya tabianchi. Watoto wake walikuwa wamekariri maana yake neno kwa neno. Ila ukiwauliza linahusianaje na Mto Nyamwamba, uliofurika Mei 2013 na tena Mei 2020, kimya. Nikamwambia: mwalimu, chaki iweke kando kwanza, wapime mvua wao wenyewe.

1. Tafuta chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, iliyonyooka ubavuni. Ikate mabegani, kichwa kikigeuze kiwe faneli.

2. Weka alama ya sifuri. Hapa nenda polepole, maana hapa ndipo nilipopoteza wiki tatu za vipimo. Tako la chupa lina mabonde, kwa hiyo ukipima kutoka chini kabisa namba zote ni za uongo. Tia kokoto zilizooshwa ili upepo usiiangushe chupa, kisha mimina maji mpaka yazifunike kokoto na kupita sehemu iliyopinda. Chora mstari hapo: ndiyo sifuri. Halafu angalia rula. Rula nyingi za shule zina nafasi tupu kabla ya 0; linganisha ile 0 na mstari, si ncha ya rula. Siku za jua maji hupungua, basi kila asubuhi yarudishwe kwenye mstari, hata kama mvua haikunyesha. Na baada ya kusoma, mwaga yaliyozidi. Mtoto mmoja akisahau, mvua ya jana inahesabiwa mara mbili.

3. Iweke uwanjani, mbali na bati na miembe.

4. Wasome saa tatu asubuhi kila siku, jicho likiwa usawa wa maji, waandike kwa milimita. Mimi nataka daftari moja gumu la darasa, si karatasi wala simu ya mwalimu. Jumamosi na Jumapili wapange zamu watoto wanaokaa karibu.

5. Sasa hesabu wanayoipenda kuliko zote. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la darasa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8, likipata milimita 10, limeshusha lita 1,600. Waulize: zimekwenda wapi? Watoke nje wafuate mkondo wenyewe, waone udongo uliochukuliwa.

6. Ndipo ueleze sababu. Hewa ikipanda joto digrii moja hubeba mvuke zaidi, takriban asilimia 7, na mvua kubwa huzidi ukubwa. Waonyeshe milima ya Rwenzori: mwaka 1906 barafu yake ilikuwa karibu kilomita za mraba 6.5, leo haifiki hata moja. Lakini wasiseme daftari lao la muhula mmoja ni ushahidi wa tabianchi. Hiyo ni hali ya hewa. Tabianchi huhesabiwa kwa miaka 30. Nawasihi walimu msiliruke hili.

7. Wachimbe mtaro wa kukinga maji mahali walipouona mkondo, wapande matete ukingoni. Miti ije baadaye, na mikaratusi isikaribie kijito. Chupa ibaki palepale uwanjani, na daftari wakabidhiwe watakaoingia darasa la tano mwaka ujao.