Namna ya Kumtuliza Jogoo Anayewika Usiku wa Manane

Katika mitaa mingi ya Mtwara mjini, kama vile Magomeni na Chikongola, nyumba zimesogeleana kiasi kwamba jogoo wa jirani huwa kama amelala chini ya dirisha lako. Akiwika alfajiri ni watu wachache wanaolalamika, na Waislamu wanaijua hadithi ya Mtume inayokataza kumtukana jogoo kwa kuwa huamsha watu kwa ajili ya sala. Kero ni yule anayeanza saa saba ya usiku, akajibiwa na mwenzake wa mtaa wa pili, kisha wa tatu, hadi watu wote wakawa macho. Huyo anaweza kutulizwa, mradi mfugaji aelewe kwanza ni mlio upi unaozuilika na upi usiozuilika.

Mlio wa alfajiri hauzuiliki. Mwaka 2013, watafiti Takashi Yoshimura na Tsuyoshi Shimmura wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, waliwaweka majogoo katika mwanga hafifu usiobadilika, pasipo dalili yoyote ya kuchwa wala kucha, na majogoo wale wakaendelea kuwika kila mzunguko wa saa 24 hivi. Saa iko ndani ya mwili wa ndege mwenyewe, na ndiyo maana katika hali ya kawaida huanza kuwika hata saa mbili kabla ya mwanga kutokea. Kwa hiyo jogoo anayewika saa kumi au kumi na moja asubuhi hana kasoro, na fedha utakayotumia kumnyamazisha saa hizo itapotea bure. Hata hivyo, watafiti hao walionyesha pia kwamba mwanga wa ghafla na sauti ya jogoo mwingine humfanya awike nje ya wakati wake. Milio ya usiku wa manane mara nyingi hutokana na mambo hayo mawili, nayo yote mawili yako ndani ya uwezo wako.

Kabla ya kushika msumari, fanya uchunguzi. Simu nyingi zina programu ya kurekodi sauti. Iache simu dirishani usiku kucha ikiwa kwenye chaji, mahali pasipofikiwa na mvua, kisha asubuhi angalia mlio wa kwanza ulitokea saa ngapi na nini kilitangulia. Ukisikia pikipiki, lango au mbwa kabla ya mlio, sababu unayo. Ukisikia jogoo wa mbali akitangulia na wako akimjibu, shida ni sauti. Usiposikia chochote, toka usiku ufuatao usimame bandani uangalie mwanga unaingilia wapi. Chunguza kwa siku kadhaa, kwa kuwa usiku mmoja unaweza kudanganya: umeme ukikatika na kurudi saa nane ya usiku, taa zote za nje zikawaka kwa mpigo, jogoo hulipokea tukio hilo kama macheo.

Mwanga ndio unaostahili kushughulikiwa kwanza, kwa sababu tiba yake ni rahisi. Ndege hahisi mwanga kwa macho pekee, kwani anazo seli za kuhisi mwanga ndani kabisa ya ubongo, na mwanga huzifikia kwa kupenya fuvu. Banda la mianzi au fito lenye mianya, likiwa limeelekea taa ya ulinzi au taa ya sola inayowaka kila mtu anapopita, halimpi jogoo usiku wa kweli. Geuza taa iangalie kwingine ikiwezekana. Isipowezekana, ziba upande unaopokea mwanga kwa magunia makuukuu ya korosho, ambayo huku kwetu hayakosekani, na ambayo yanafaa kuliko turubai kwa sababu hupitisha hewa. Usizibe pande zote. Joto la pwani yetu, hasa Desemba hadi Machi, huua kuku katika banda lililofungwa. Ukiwakuta wanahema midomo wazi na mabawa wameyaachanisha na mwili, umezidisha kuziba.

Sauti ni ngumu zaidi, na chanzo chake ni cha kale. Kuku wa kufugwa ametokana na kuku wa msituni wa Kusini-mashariki mwa Asia, ambaye jogoo wake huwika ili kutangaza mipaka ya eneo lake, hivyo kila sauti ngeni kwake ni uchokozi. Watafiti wale wale wa Japani walibaini mwaka 2015 kwamba majogoo wanaoishi pamoja huwika kwa daraja: mkubwa wao huanza, wengine hufuata, na akiondolewa, wa pili hushika nafasi yake. Pengine hata methali ya jogoo la shamba kutowika mjini ilitokana na mtu aliyemwona mgeni kutoka Newala akisubiri zamu yake. Kwa hiyo kumchinja kiongozi na kubakiza wengine hakukupi utulivu. Bakiza mmoja tu, na banda lake liwe upande wa uwanja ulio mbali na jogoo wa jirani, nyuma ya ukuta kama upo.

Wapo wanaomlaza jogoo katika kisanduku chenye dari fupi, ili asimame sawasawa lakini asiweze kunyoosha shingo yote. Njia hiyo hupunguza ukali wa mlio bila kuumaliza, na inafaa tu kama kisanduku kina matundu ya hewa ya kutosha na unamfungulia mapema asubuhi. Kumfunga shingo kwa kamba au mpira ni ukatili unaoweza kumnyonga, nami siushauri kwa hali yoyote.

Lipo pia swali ambalo wafugaji wengi hawajiulizi: je, unamhitaji? Mtetea hutaga bila jogoo. Jogoo anahitajika kwa mayai ya kutotolesha peke yake, na mmoja hutosha mitetea kumi hivi. Anayefuga kwa ajili ya mayai ya kula anaweza kumuuza. Anayetaka vifaranga mara moja moja anaweza kupatana na mwenye shamba nje ya mji, akamleta jogoo kwa wiki moja au mbili, kisha akamrudisha. Mayai ya siku chache za mwanzo ayale, ayatenge yanayofuata kwa ajili ya kuatamiwa, na asiache kukusanya siku jogoo anapoondoka, kwa kuwa mtetea huhifadhi mbegu mwilini na anaweza kuendelea kutaga mayai yenye uhai kwa wiki moja na zaidi.