Jinsi ya kuivunja 4,294,967,297 kwa kalamu na karatasi

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria Mfaransa aliyezama kwenye hesabu, aliamini kwamba namba za mfuatano huu zote ni tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe: 3, 5, 17, 257, 65,537. Ukitaka inayofuata, toa 1, zidisha jibu kwa lenyewe, ongeza 1. Ya sita ni 4,294,967,297, yaani 2³² + 1. Ina tarakimu kumi, kwa hiyo kikokotoo kidogo cha tarakimu nane hakiimudu. Hatukihitaji ili kuivunja, yaani kupata namba tasa zinazoigawa.

Hatua ya 1: punguza watuhumiwa

Namba ni witiri, haiishii na 5, na jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo 3 haiingii. Ukiendelea kujaribu tasa moja moja huenda ukalazimika kufika 65,536. Usifanye hivyo. Mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii ni lazima kiwe zao la 64 ukiongeza 1.

Kwa nini? Tuseme tasa p inaigawa namba yetu bila baki. Basi 2³² ukiigawa kwa p inabaki p − 1, na 2⁶⁴ inabaki 1. Kipeo kidogo kabisa cha 2 kinachobakiza 1 ni hicho 64, na kipeo hicho daima hugawa p − 1. Usiharakishe hapa, rudia mpaka ikuingie, maana hatua zote zinazofuata zinaegemea hapa.

Andika 65, 129, 193 na kuendelea, kisha futa zisizo tasa. Za mwanzo zinazobaki ni 193, 257, 449, 577 na 641.

Hatua ya 2: fanya kazi na mabaki

2³² ni 65,536 × 65,536, kwa hiyo shughulika na baki la 65,536 tu. Kwa 257 linabaki 1; 1 × 1 + 1 = 2, haigawanyiki. Nne za mwanzo zote zinakwama.

Sasa 641. 641 × 102 = 65,382, linabaki 154. 154 × 154 = 23,716. Ongeza 1: 23,717, ambayo ni 641 × 37 kamili. Imepatikana! Euler aliifikia mwaka 1732.

Hatua ya 3: kagua kilichobaki

Ukigawa unapata 6,700,417. Je, ni tasa? Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na sharti la 64 bado linaibana, kwa hiyo jaribu saba tu: 641, 769, 1,153, 1,217, 1,409, 1,601, 2,113. Zote zinaacha baki. 641 inaacha 44. Ni tasa.

Hatua ya 4: soma sifa zake

Vigawo ni vinne: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe. Jumla yake ni 642 × 6,700,418 = 4,301,668,356.

Sifa ninayoipenda kuliko zote: ni jumla ya vipeo vya pili viwili kwa njia mbili, 65,536² + 1² na 62,264² + 20,449². Namba tasa haiwezi kuwa na njia mbili.