Margarita ya nyumbani kwa asali ya Tabora

Kuanzia Septemba mpaka mvua zianze, Tabora hakukaliki ndani. Wageni wangu nawawekea viti chini ya mwembe, na wengi huulizia bia kabla hawajakaa. Bia ipo. Ila kuna wanaotaka kitu cha baridi chenye uchachu, na hao ndio nawachanganyia margarita. Huku kwetu kitu cha kutafuta kwa tochi ni chupa ya tekila tu. Vingine utavipata Soko Kuu asubuhi moja na ukarudi kupika.

Tekila ni pombe kali kutoka Meksiko, na hutengenezwa kutokana na agave ya buluu, mmea wa ukoo mmoja na mkonge wetu. Mimi humwagiza mtu anayekuja kutoka Dar, na namsisitizia asome karatasi ya chupa: lazima iwe na maneno 100% de agave. Yasipokuwepo, ujue sheria ya kwao inaruhusu karibu nusu ya sukari iliyochachushwa itoke kwenye vitu vingine, kama miwa. Achukue nyeupe. Ile ya dhahabu ya bei rahisi mara nyingi imetiwa rangi tu, na hela ya rangi mimi sitoi. Kuna watakaokwambia weka Konyagi. Weka, itanyweka, lakini kitakachotoka kitafutie jina lake. Gongo usiisogeze kabisa mezani. Hakuna anayejua kilichomo.

Margarita inayojulikana ina vitu vitatu: tekila, pombe tamu ya machungwa kama Cointreau, na maji ya ndimu. Hiyo ya machungwa ni ghali, na ukishaipata utaitumia mara moja halafu ikae kabatini. Wala usione haya kuiacha. Julio Bermejo, wa mgahawa wa Tommy's huko San Francisco, aliiondoa akaweka shira ya agave, na margarita yake leo inatengenezwa kwenye baa za dunia nzima. Kama yeye ameweka utamu wa kwao, sisi wa Tabora wenye asali tunangoja nini?

Basi tuje kwenye asali, maana hapa ndipo kinywaji kinapopata sura. Sokoni utakuta ya nyuki wakubwa, ya miyombo, nyingine nyeupe nyingine nyeusi tii, imejazwa kwenye chupa zilizokwisha maji ya kunywa. Fungua kifuniko unuse. Yenye harufu ya moshi waachie wenye kikohozi, kwenye glasi itafunika kila kitu. Ile iliyoganda usiiogope, kuganda ni tabia ya asali na hakuna maana kwamba imetiwa sukari. Na muuzaji akikuwashia njiti ya kiberiti kukuthibitishia kuwa ni halisi, mwache amalize maonyesho yake, kisha onja. Asali ya nyuki wadogo ni tamu-chachu na bei yake inauma. Hiyo ilambe kwa kijiko, usiipeleke kwenye tekila.

Asali haiyeyuki kwenye baridi. Ukiimimina moja kwa moja itashuka chini ya chupa ilale hapo, wageni wanywe ndimu tupu. Kwa hiyo pika shira mapema. Menya machungwa mawili kwa kisu chenye makali, uchukue ganda la juu peke yake, lile la kijani, kwa kuwa weupe wa ndani ni mchungu. Tia maganda kwenye kikombe kimoja cha maji ya moto, ongeza kikombe kimoja cha asali, koroga mpaka ilainike, funika iache ipoe. Chuja. Hiyo harufu ya ganda ndiyo inayoziba pengo la Cointreau. Kwenye friji shira inakaa wiki nzima.

Ndimu ziwe ndimu, zile ndogo za ganda jembamba, si malimao. Zizungushe mezani kwa kiganja ukizikandamiza, halafu kata. Kamua siku ileile, maana maji ya ndimu yaliyolala hupoteza ile harufu yake. Ukimaliza kukamua nawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko kabla ya kutoka nje. Maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi na jua likapiga, ngozi inababuka na kuacha mabaka meusi ya wiki kadhaa. Kwa jua letu hili, si jambo la kupuuza.

Chumvi natumia ya Uvinza, ile ya chengachenga. Ya unga inayeyuka na kuufanya mdomo wa glasi kuwa wa bahari. Pitisha kipande cha ndimu nusu ya mdomo wa glasi, upande wa nje tu, kisha gusisha kwenye sahani ya chumvi. Nusu, kwa sababu asiyependa chumvi atageuza glasi anywee upande mwingine.

Vipimo kwa mtu mmoja: tekila mililita 50, maji ya ndimu 30, shira 20. Kama huna kipimo, kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi kina mistari yake, kioshe tu vizuri. Onja shira na ndimu kabla ya kuongeza tekila. Ndimu za kiangazi huwa kali, huenda ukahitaji tone la ziada la shira. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi kumi na tano.

Kopo la baa la kutikisia vinywaji sina. Natumia chupa ya jemu yenye mdomo mpana: naijaza barafu, namimina vyote, nafunga kwa nguvu, natikisa mpaka chupa itoe jasho na vidole vianze kuuma, kama sekunde kumi na tano. Chuja kwa chujio la chai juu ya barafu mpya. Barafu igandishe tangu usiku, kwa maji yaliyochemshwa, umeme hauna adabu siku ya wageni.

Embe zikianza, weka vipande vilivyoganda kwenye blenda na vipimo vilevile. Margarita ya kusaga ilipata umaarufu Dallas mwaka 1971, Mariano Martinez alipogeuza mashine ya aiskrimu kuwa ya margarita. Mimi naona embe inameza tekila, lakini vijana wanaipenda.

Wifi yangu hagusi kileo, na hayuko peke yake. Jagi lao natengeneza kwanza, kabla chupa ya tekila haijafunguliwa, kwa vyombo vyao na chujio lao: ndimu, shira, maji ya baridi, jani la mnanaa. Chumvi wanaipenda hao kuliko wanywaji.

Glasi mbili kwa mtu zinatosha, na mwenye pikipiki anipe ufunguo kabla ya ya kwanza. Pembeni weka migebuka ya Kigoma ya kukaanga na ndimu zilizobaki. Shira ikibaki, tia kwenye chai ya tangawizi.