Jinsi ya Kuwatunza Nondo wa Hariri wa Msituni Kwenye Mti wa Mwiza

Katika Msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, yuko nondo aitwaye kitaalamu Anaphe panda, ambaye viwavi wake hula hasa majani ya mti wa mwiza (Bridelia micrantha) na kufuma kwa pamoja kiota kikubwa cha hariri ya rangi ya kahawia. Maelezo haya yanamhusu mtu mwenye shamba linalopakana na msitu, au kikundi cha uhifadhi, wanaotaka viwavi hao wafikie umri wa kujenga kiota na hariri ivunwe bila kukimaliza kizazi kinachofuata. Ndani ya msitu wenyewe, ambao husimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu la Kenya na, kwa sehemu ya hifadhi ya kaskazini, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, hakuna kitu kinachoguswa kabla ya kupata kibali.

Anza na mti. Mwiza hupenda kingo za mito na pembezoni mwa msitu, mahali penye jua, na mti mchanga hutambulikana kwa miiba iliyo kwenye shina. Majani yake hung'aa upande wa juu, na mishipa yake ya pembeni hunyooka sambamba hadi ukingoni mwa jani. Matunda yake ni madogo, na hugeuka meusi yakiiva. Bahati mbaya mbao zake haziliwi upesi na mchwa, kwa hiyo watu huukata kwa ajili ya nguzo. Anayetaka nondo hana budi kwanza kuamua ni miti ipi haitaguswa na panga.

Geuza majani, utazame upande wa chini. Jike hutaga mayai kwa kundi moja lenye mamia, kisha huyafunika kwa manyoya anayoyatoa kwenye ncha ya tumbo lake, hivi kwamba kinachoonekana ni doa la manyoya lililogandamana na jani, na mtu asiyelijua hulipita akidhani ni ukungu. Usilibandue. Weka alama kwenye tawi kwa uzi, na urudi kulitazama mara kwa mara.

Viwavi wakishaanguliwa hukaa pamoja, hula pamoja na hupumzika pamoja. Hupitia hatua saba za ukuaji, na hatua nne za mwanzo huenda haraka kuliko tatu za mwisho. Kwa jumla huchukua takribani miezi mitatu, na majira ya mvua huirefusha zaidi. Wengi hufa wakiwa bado wadogo. Nzi wa jamii ya Tachinidae na nyigu vimelea huwatumia viwavi kuwalishia watoto wao, siafu na buibui huwanyakua, na maradhi nayo huweza kuliteketeza kundi zima. Dawa iliyothibitika kusaidia, kutokana na majaribio ya watafiti wa icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu yenye makao yake Nairobi, ni mfuko wa neti.

Mfuko huo hushonwa kwa kitambaa chenye matundu madogo yasiyopitisha nzi, ukawa wazi pande zote mbili. Kabla ya kuuvisha kwenye tawi lenye mayai au viwavi wachanga, kagua jani kwa jani uondoe buibui na chungu, kwa maana adui aliyefungiwa ndani ana madhara kuliko aliye nje. Funga ncha zote mbili kwa kamba, ukiacha majani ya kutosha na nafasi ya neti kutogandamana na viwavi. Kila baada ya siku chache fungua ncha ya chini ukung'ute vinyesi, kwani unyevunyevu ukichanganyika na uchafu huleta ukungu. Majani yakikaribia kwisha, kata kitawi walichoshikilia na ukifunge kwenye tawi jipya, badala ya kuwashika mmoja mmoja.

Viwavi wakubwa ambao hawakufungiwa hutembea kwa msururu wanapohamia penye chakula: mmoja huongoza, na kila anayefuata hugusisha kichwa chake kwenye mkia wa aliye mbele, hadi mstari mrefu uzunguke shina. Waachie njia. Manyoya yao huwasha kama upupu, na hata yakitengana na mwili yaweza kupeperuka, kwa hiyo vaa glavu na nguo ya mikono mirefu, na usijifute macho ukiwa kazini. Watoto wasiachiwe viota wavichezee.

Hatua ya saba ikikamilika, kundi hukusanyika kwenye tawi na kufuma ganda gumu la nje, kisha ndani yake kila kiwavi hujifumia kifukofuko chake. Pupa, yaani kiwavi anayegeuka kuwa nondo, hukaa humo kwa miezi kadhaa, na hapo ndipo wengi hukosa subira. Hariri ya nondo wa kufugwa, anayelishwa majani ya mforosadi, kwa kawaida huvunwa pupa angali ndani ili uzi usikatike. Hariri ya Anaphe haizongwi kama uzi mmoja, bali husokotwa kama pamba, hivyo tundu alilotokea nondo haliiharibu. Kwa maoni yangu, anayevuna kiota kabla ya nondo kutoka anapoteza mayai ya msimu ujao bila faida yoyote. Ukitaka kuwalinda, tundika kiota ndani ya kizimba cha neti penye kivuli. Nondo waliokomaa hawali kitu na huishi siku chache tu. Wakishatoka, waachilie karibu na miti ya mwiza.

Kiota kilichobaki kitupu, chepesi na chenye matundu, ondoa takataka zake, kisha kichemshe katika maji yenye magadi hadi gundi ilegee, kisuuzwe na kuanikwa kabla ya kuchambuliwa. Vaa glavu hapa pia, kwa sababu manyoya ya viwavi hubaki ndani ya kiota. Wayoruba wa Nigeria wamefuma vazi la heshima liitwalo sanyan kwa hariri ya nondo wa jamii hii hii.

Wenye mahindi jirani na mwiza wawe na hadhari ya ziada: dawa inayopuliziwa viwavijeshi huua pia viwavi wa hariri. Puliza wakati upepo umetulia au unavuma kutoka kwenye miti kuelekea shambani, na safu za mahindi zilizo karibu zaidi na mwiza zikaguliwe na kuokotwa viwavijeshi kwa mkono.