Uvimbe wa maji kwenye ini: mambo ya kuzingatia kabla ya kukubali sindano

Kabla ya kwenda hospitali na uvimbe chini ya mbavu za kulia, kumbuka ulikolelewa. Uvimbe huo unaweza kuwa hidatidi, ugonjwa wa mifuko ya maji mwilini unaoletwa na tegu, aina ya mnyoo. Tegu huyu ni mdogo mno, milimita chache tu, na makazi yake ni utumbo wa mbwa aliyekula ini au mapafu mabichi ya mifugo. Mayai hutoka na kinyesi cha mbwa, yakamwingia mtu kwa mikono, maji au chakula. Kula nyama ya mnyama mgonjwa si njia ya kuupata. Kwenye ini yai hugeuka mfuko wa maji unaokua polepole, mara nyingi miaka mingi bila maumivu, kwa hiyo aliyehamia mjini zamani bado anahusika. Turkana, Kenya, inajulikana duniani kwa wingi wa ugonjwa huu, na wafugaji wa Kimaasai kaskazini mwa Tanzania nao wanaugua. Daktari hawezi kubahatisha hayo kwa kukutazama. Mwambie ulikolelewa hata asipouliza.

Usipoteze pesa kupima choo. Tegu mkubwa hayumo tumboni mwako, yumo kwa mbwa, kwa hiyo choo hakitaonyesha kitu. Kipimo cha damu husaidia, lakini majibu yakisema huna, bado mfuko unaweza kuwepo. Omba altrasaundi, na kama una picha za zamani nenda nazo. Humo mtaalamu huona kama maji ni masafi, kama kuna vifuko vidogo ndani ya kikubwa, kama utando umebanduka, au kama mfuko umekauka na kuwa mgumu. Matibabu hufuata hali hiyo: mwingine hupewa albendazole, dawa ya minyoo, mwingine hupasuliwa, na mwenye mfuko uliokwisha kufa huenda akafuatiliwa kwa picha tu.

Sasa sindano, na hapa nasisitiza kwa moyo wote. Jipu la amiba, yaani usaha unaoletwa na kijidudu kiitwacho amiba, nalo hukaa kwenye ini, na wakati mwingine hunyonywa kwa sindano. Mfuko wa hidatidi ukitobolewa kwa kudhaniwa ni jipu, maji yake yakivuja yanaweza kuleta mzio mkali wa kuua, au kupanda vifuko vipya tumboni. Muulize daktari wazi: “Mmeshahakikisha si hidatidi?” Ipo njia ya kunyonya, kutia dawa ndani na kunyonya tena, lakini hufanywa na waliofunzwa, mgonjwa akiwa amekingwa kwa albendazole na vifaa vya dharura vikiwa tayari.

Kabla ya kuanza albendazole, sema kama una mimba au unaitarajia. Dawa hunywewa na chakula chenye mafuta ili ifyonzwe vizuri, na damu hupimwa mara kwa mara kuangalia ini na chembe nyeupe.

Macho yakigeuka manjano pamoja na homa, huenda mfuko umepasukia kwenye njia ya nyongo. Usingoje siku ya kliniki. Na baada ya kuanguka au kupigwa tumboni, ukiwashwa mwili mzima, ukikosa pumzi au kuzirai, ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Ukithibitika kuwa na hidatidi, wapeleke altrasaundi na ndugu mliokulia boma moja, wakiwemo wasiohisi chochote.